Mzinga Uliovuliwa Koti

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana wa darasa la walengaji, kutoka kikosi changu cha zamani. Nilikuwa barazani kwangu hapa Viwanja Sitini, Ifakara, namsimamia fundi aliyekuwa anaziba paa kabla ya masika, na kelele za nyundo nusura zinifanye nisiisikie simu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mnaendeleaje huko?"

"Salama, afande. Nina swali, naomba usinielewe vibaya. Darasani tunasimuliwa habari ya mlengaji aliyekosa shabaha mara mbili mbele ya mgeni rasmi, siku mizinga miwili iliposhindanishwa. Wenzangu wanasema alikuwa wewe. Mimi nimebisha."

"Usibishe. Aliyekuwa kwenye kiti ni mimi. Ila sikukosa."

Nikamwambia awaambie wenzake wasubiri, nitaandika. Ndiyo haya. Mwalimu wenu akiruhusu, yasomwe darasani. Asiporuhusu yasomeni kantini, maana mimi mwenyewe mengi niliyafahamu kantini.

Vyeo nitaviruka. Nilipanda, nikakaa, nikapanda tena kidogo, kama wengi. Nitasema habari za mizinga, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu jina langu limefanywa mfano wa kosa ambalo silikubali. Sikulikubali nilipokuwa na njaa ya cheo, sembuse sasa nina pensheni na paa linalovuja.

Mimi ni mtoto wa Malinyi. Aliyekulia kule anajua nchi bapa na maji yanayopanda bila kuaga. Nilipoonyeshwa kifaru kwa karibu mara ya kwanza, wenzangu walikuwa wanashangaa ukubwa wa mzinga. Mimi nilisema kwa sauti, "Hiki kwetu kingezama mpaka antena." Aliyekuwa nyuma yangu akacheka. Alikuwa Sajinitaji Haule, mtu wa Songea, mfupi, mwenye mikono iliyojaa grisi hata siku ya Jumapili. Akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Basi wewe utakaa kiti cha mlengaji. Anayewaza kifaru kitashindwa wapi ndiye ninayemtaka." Huo ndio usaili niliofanyiwa.

Siku ya kwanza ndani ya kifaru nilipasua paji la uso kwenye darubini. Haule hakunipa pole. Aliifuta darubini kwanza, akaikagua, ndipo akanitazama mimi. Alama ninayo mpaka leo, na wajukuu wanaamini niliipata vitani. Sijawasahihisha.

Somo lake la kwanza lilikuwa la nyuzi. Mlioanzia kwenye kompyuta mtacheka, chekeni. Kwenye mdomo wa mtutu kuna alama nne ndogo. Unapaka grisi kidogo, unabandika nyuzi mbili zikatane katikati. Mwenzako nyuma anaufungua mzinga, anahakikisha hauna kitu, halafu anachungulia kupitia tundu dogo, mnausogeza mtutu polepole mpaka makutano ya nyuzi yaangukie kwenye kona ya shabaha iliyo mbali. Kisha mlengaji anairekebisha darubini yake iangalie kona ileile. Hapo mtutu na jicho vimekubaliana. Haule alibeba uzi wake mweusi wa cherehani kwenye kikopo cha rangi ya viatu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

"Vimekubaliana asubuhi," alikuwa akisema. "Mchana viulize tena."

Nilidhani ni ubishi wa wazee. Baadaye nikaona mwenyewe. Mtutu ni chuma kinene, lakini jua likiupiga upande mmoja, upande huo unatanuka, na mtutu mzima unapinda kuelekea upande wa pili. Kwa macho huoni chochote. Nenda ukatazame shabaha iliyo mbali ndipo utajua. Ndiyo sababu mizinga mingi ya siku hizi huvalishwa koti, ile nguo au bati linaloufunika mtutu ili joto lisambae sawasawa. Mvua nayo ni hivyohivyo, ikinyesha upande mmoja wa mtutu uliotoka kupiga. Upepo pia. Koti halipendezi wala halitishi, na kwenye picha watu hudhani ni mtutu wenyewe.

Koti la mzinga wetu lilikuwa la kitambaa kizito, na lilikuwa limechanika. Lilipochanika Haule alilipeleka kwa fundi cherehani wa nje ya geti, likatiwa kiraka cha turubai la buluu. Yule fundi alimuuliza, "Mzee, hili koti la tembo?" Haule akamjibu, "La mke wangu," akaondoka nalo begani. Kiraka kilikuwa kibaya kwelikweli. Lakini mzinga ulipiga.

Sasa nije kwenye lile jedwali mlilobandika kwenye kundi letu la WhatsApp, la kulinganisha mizinga ya vifaru vya mataifa makubwa, upi unapiga mbali, upi unatoboa zaidi. Nimelisoma mara kadhaa nikiwa na miwani. Si jedwali baya. Mnachoulizana ni kama mtutu laini ni bora kuliko wenye mifereji. Mifereji ndani ya mtutu huizungusha risasi ili ikae sawa hewani, na kwa risasi nyingi hilo ni jambo zuri. Lakini risasi ya kutoboa kifaru siku hizi ni mshale mrefu mwembamba wenye mapezi nyuma, na mshale huo hautaki kuzungushwa sana, unatulizwa na mapezi yake. Mtutu laini unaufaa zaidi, na unavumilia msukumo mkubwa zaidi. Kwa hiyo ndiyo, mizinga laini ya milimita mia na ishirini na ile ya mia moja ishirini na tano imeushinda mzinga wa zamani wa mia na tano kwa nguvu. Sitabishana na hilo. Mimi si mtu wa kulilia chuma.

Kulenga ni jambo jingine. Mzinga unaweza kurundika risasi zote mahali pamoja, na mahali pale pasiwe kwenye shabaha. Mwingine unazitawanya kidogo lakini katikati ni pale ulipotaka. Jedwali lenu halisemi upi ni upi. Halisemi mtutu umeshapiga risasi ngapi tangu utoke kiwandani, wala kama baruti imekaa juani asubuhi nzima, maana baruti yenye joto huisukuma risasi kwa kasi zaidi. Vifaru vya kisasa vina leza ya kupima umbali, kipima upepo, kompyuta, na vingine vina kioo kidogo mdomoni mwa mtutu kinachomwambia mlengaji mtutu umepinda kiasi gani. Kioo hicho kinafanya kazi ya uzi wa Haule, tena bila kutoka nje kwenye mvua. Nakiheshimu. Vingine vina mashine ya kupakia risasi badala ya mtu, na mashine haichoki mikono, ila mnyororo ukikatika kwenye tope mtaikumbuka ile mikono miwili mliyoipunguza. Majedwali hulinganisha mizinga ikiwa katika siku yake njema. Mimi nimeuona mzinga katika siku yake mbaya, na nitawaeleza aliyeiharibu siku hiyo.

Likaja agizo kwamba mzinga wetu wenye mifereji ushindanishwe na mzinga laini wa kifaru kipya. Uwanja mmoja, shabaha moja, risasi sawa. Tulielezwa wazi kwamba wetu ukionekana haufai, vifaru vile vitaegeshwa na sisi tutatawanywa. Dereva wetu, Libaba wa Kisawasawa, angepelekwa kwenye malori. Haule alikuwa karibu kustaafu, angekaa stoo akihesabu mablanketi. Mimi sikuwa na kazi nyingine niliyoijua wala niliyoitaka. Kile kiti kilikuwa maisha yangu, na sitaki kulisema hilo kwa unyenyekevu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe alikuja Kapteni Kisinda, aliyekuwa amepewa maandalizi. Akatembea kando ya vifaru akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika kwetu.

"Hili dude la buluu ni nini?"

"Kiraka cha koti, afande," nikasema.

"Kesho kuna mgeni rasmi, kuna kamera. Livueni. Mtutu mkausugue kwa dizeli ung'ae."

"Afande, bila koti, na jua la hapa..."

"Unanifundisha koti ni la nini? Ni nani aliyekufundisha wewe?"

Hapo ndipo mnielewe vizuri. Alikuwa anasema kweli. Darasani, somo la kupinda kwa mtutu alilifundisha yeye, na alilifundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Angekuwa hajui, ningemsamehe jioni ileile. Alijua kila kitu, akatazama kiraka, akamfikiria mgeni, akachagua.

Nikamgeukia Haule. Haule akatazama chini. "Tii kwanza," akaniambia, "malalamiko yana siku yake." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla, na iliniuma kuliko amri yenyewe. Tukalivua koti. Tukasugua dizeli. Ulimeta, nawaambia, mtu angeweza kunyoa ndevu mbele yake.

Asubuhi vifaru vyote viwili vilipangwa ubavu kuelekea maturubai ya wageni ili picha zitoke vizuri. Jua la asubuhi likaupiga mtutu wetu upande wa kulia. Kifaru kipya kilikuwa na koti lake la kiwandani, safi, lisilo na kiraka, kwa hiyo hakuna aliyeliona la kuvuliwa. Tukakaa pale. Kwaya ikaimba. Ngoma zikapigwa. Mshereheshaji akawatambulisha wageni mmoja mmoja, kisha akaomba radhi kwa waliosahauliwa, akawatambulisha na wao. Mara mbili nilimfuata Kapteni kumwomba turudie nyuzi kabla ya kupiga. Mara ya kwanza alisema, "Ratiba." Mara ya pili alinionyesha saa yake.

Kifaru kipya kilianza. Kilipiga vizuri sana. Kila risasi ilikwenda ilikotumwa, na nilipiga makofi kwa mikono yangu hii, kwa sababu kazi nzuri ni kazi nzuri. Kisha ikawa zamu yetu.

Nililenga kama nilivyolenga siku zote. Pumzi imetulia, alama katikati ya shabaha, kidole chepesi. Risasi ikapita kushoto. Kwenye maturubai nikasikia ile sauti ya watu wanaojizuia kucheka. Mpakiaji akaweka ya pili. Nikalenga palepale, makusudi, sikusogeza hata unywele, kwa sababu nilitaka kujua kama mzinga umetawanya au umepinda. Ikapita kushoto, njia ileile. Basi nikajua. Mzinga ulikuwa unapiga sawasawa kabisa. Ulikuwa unapiga mahali ambapo jua lilikuwa limeuelekeza.

Ningeweza kulenga kulia kidogo nikabahatisha. Libaba ananiambia mpaka leo kwamba ndivyo angefanya yeye. Labda risasi ya tatu ingeingia, watu wangepiga makofi, na mzinga ungeandikwa kuwa ni wa kubahatisha. Sikutaka. Nilisema kwenye kipaza sauti cha kofia, "Nasimamisha upigaji. Hakuna risasi ndani. Naomba nyuzi."

Kisha sauti ya Kapteni kwenye redio: "Endelea kupiga."

"Mzinga umepinda, afande. Naomba nyuzi."

"Nimesema endelea!"

Nikamtazama Haule, aliyekaa juu yangu kwenye kiti cha kamanda. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nilidhani ataniambia tena nitii. Akaingiza mkono mfukoni akanipa kile kikopo, kisha akageuka akaufungua mzinga nyuma, akachungulia kuhakikisha hauna kitu.

Nikatoka juu, nikatembea mbele ya wageni wote, nikapanda kwenye pua ya kifaru na grisi kidoleni. Mshereheshaji, Mungu ampe maisha marefu, akasema kwenye spika, "Na sasa vijana wetu wanatuonyesha namna ya kufanya usafi wa mzinga!" Watu wakapiga makofi. Nilibandika uzi wa kwanza. Nilikuwa nabandika wa pili Kapteni alipofika mbio, akanishika mguu wa suruali.

"Shuka! Unaniaibisha mbele ya mgeni!"

"Mzinga ndio unaoaibishwa, afande."

Akaivuta suruali mpaka nikateleza. Uzi ukabaki kwenye dizeli, umenata upande mmoja, unapepea. Mgeni rasmi akatazama saa, wasaidizi wake wakasimama, na ikatangazwa kwamba chakula kiko tayari. Risasi zetu zilizobaki zikarudishwa kwenye ghala. Hazikupigwa siku ile wala siku nyingine.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ya tatu ingeingia, nasema naamini ingeingia. Siwezi kuwathibitishia. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mzinga ule haukupewa nafasi ya kujibu, na walioulinganisha waliulinganisha ukiwa umevuliwa. Huenda ungeshindwa hata ukiwa na koti lake, maana mpya ulikuwa bora. Ungeshindwa kihalali, nami ningeupigia saluti uliotushinda. Hilo ndilo walilotunyima.

Siku chache baadaye niliitwa ofisini. Kapteni Kisinda hakuwa mkali. Nadhani hata yeye hakulala vizuri. Alisema, "Mimi sina ugomvi na wewe. Simama mbele ya gwaride useme ulikosa shabaha, uliteleza, samahani. Nitakuweka kwenye kifaru kipya, kiti hichohicho cha mlengaji. Unakitaka, najua."

"Nakitaka sana, afande."

"Basi sema."

"Koti lilivuliwa, afande. Hilo naweza kusimama nikasema."

"Nenda," akasema.

Nikapelekwa lindo la getini. Haule alinifuata siku moja na chai kwenye chupa, akaketi kwenye kiti cha mlinzi. "Sema samahani tu, mwanangu. Ni maneno. Yanatoka mdomoni yanaisha." Nikamwambia, "Kama ni maneno tu, mbona wao hawayasemi?" Akanywa chai yake. Hakunishauri tena, na alipostaafu aliniachia kikopo bila barua wala hotuba. Nilimpenda mzee yule, na nilimkasirikia kwa ile jioni, na vyote viwili ninavyo mpaka sasa.

Geti si mahali pabaya. Unaona nani anachelewa. Baadaye vifaru vipya vilipoongezeka walimu walipungua, wakanikumbuka, nikafundisha shabaha miaka yote iliyofuata. Lakini kuna jambo wengi wenu hamlijui. Nilifundisha darasani na kwenye kifaru kilichozimwa. Siku za risasi halisi nilisimama chini. Neno la Kapteni lilibaki kwamba mlengaji yule hatakaa kwenye kiti mpaka akiri, na kila mkuu mpya alilikuta, akaniuliza kwa upole kama nimebadili mawazo, nami kwa upole nikamjibu kuwa sijabadili. Libaba, ambaye siku hizi analima kakao Kisawasawa na anakuja kunisimanga kila mwezi, husema, "Umeukosa mzinga miaka yote hiyo kwa sababu ya kitambaa." Namwambia si kitambaa, naye anasema anajua, anataka tu kunisikia nikikasirika.

Halafu ikafika siku ya kuniaga. Mgeni rasmi alikuwa Kisinda mwenyewe, sasa nyota zimemjaa begani na nywele zimekwisha. Kifaru kilikuwa kimewashwa, Sajini Halima yuko kwenye kiti cha mlengaji, mwanafunzi wangu, na nitasema bila aibu kwamba analenga kuliko nilivyowahi kulenga mimi. Kisinda akanishika mkono mbele ya gwaride zima.

"Mzee wetu," akasema kwenye kipaza sauti, "yaliyopita yamepita. Leo panda, kaa kwenye kiti, upige risasi moja ya kuaga."

Halima alikuwa ameshatoka, amenivulia kofia yake ya mawasiliano, ananyoosha mkono anisaidie kupanda. Vijana, nisiwadanganye. Nilikitaka sana kile kiti. Nilinusa ile harufu ya mafuta na rangi iliyopata moto, na mkono wangu wa kulia ulianza wenyewe kujikunja kama umeshika kishikio.

Nikamgeukia Kisinda, nikasema kwa sauti ya gwaride, wasikie hata waliosimama nyuma, "Nitapanda, afande. Kwanza waambie hawa ni nani aliyeamuru koti livuliwe."

Alikifunika kipaza sauti kwa mkono. "Mzee," akasema polepole, karibu kwa kuomba, "leo ni siku ya furaha."

"Ni maneno tu, afande. Yanatoka mdomoni yanaisha."

Alifungua mdomo. Naapa alifungua, na kwa kitambo kidogo nilidhani atasema. Kisha akatazama maturubai, akatazama kamera, akaufunga.

Nikamrudishia Halima kofia yake. "Panda, mwanangu," nikamwambia. "Wewe piga." Akanitazama kama anataka kulia, akapanda. Nikarudi nyuma mpaka kwenye mstari wa usalama, nikasimama wima, sikuziba masikio. Risasi ilitoka, vumbi likainuka chini ya kifaru, na shabaha ikatoboka katikati. Watu wote walipiga makofi, nami nikapiga, na miguu yangu ilikuwa bado imesimama chini.